Nailoni Chini ya Shuka

Mume wangu alianguka kifafa nyumbani kwa mke mwenzangu, na mimi nikapewa habari kwa simu kama jirani.

Ilikuwa zamu ya Sabra. Twaha alikuwa kule Magoma, bondeni, kwenye joto lao, ameshiba ubwabwa wa Sabra, amesimama uani mchana kweupe akishusha kabichi kutoka kwenye kirikuu, kile kigari chake cha mizigo. Akapiga ukelele, akaenda chini. Mke mwingine angeuliza kwanza, anaendeleaje? Nami niliuliza, sikatai. Lakini kabla mdomo haujauliza hilo, roho ilishauliza lake: kwa nini kwake? Hata ugonjwa umechagua nyumba mpya.

Mimi ndiye Hidaya, mke mkubwa. Nyumba yangu iko Kwai, juu huku, kwenye ukungu na karoti. Twaha hununua mboga za wakulima wa huku akazishusha bondeni, na kule hupakia mchele akaupandisha. Alipomwoa Sabra alinieleza kwamba ni mambo ya biashara, mtu hawezi kuuza vizuri mahali asipokuwa na nyumba. Nikamwambia, mbona Mombo unauza na hujaoa? Tangu hapo ni wiki kwangu, wiki kwake. Kwangu ni Baba Selemani, jina la mwanangu mkubwa ambaye sasa ana mke wake. Kwa Sabra ni Baba Salama, kwa ajili ya kile kibinti chao chenye vishimo mashavuni. Mtu mmoja, majina mawili, na kila nikisikia lile la pili naona kama nimevuliwa kiatu kimoja.

Zahanati ya kule chini walimpima malaria, wakampima sukari, hawakuona kitu. Wakamwambia apande akaonane na daktari wa hospitali. Akachagua Lushoto, kwa kuwa huku ndiko kwao. Basi nikashuka kutoka Kwai kwenda kuwapokea, nimevaa baibui langu jipya, maana najua kujipanga.

Nilimkuta kwenye benchi amenyong'onyea, ana michubuko kwenye paji la uso. Na Sabra pembeni yake, ameshika chupa ya maji, ameshika sweta lake, ameshika kila kitu.

"Shikamoo dada," akasema, akainama.

"Marahaba." Adabu anayo, siwezi kumsingizia. Ingekuwa hana, kazi yangu ingekuwa rahisi zaidi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Yunis, mtu wa Bumbuli, anaongea polepole. Alimwamkia Twaha, akatukaribisha sote watatu, akavuta kiti mbele. Halafu akauliza swali lililoniharibia siku: "Nani alimwona alipoanguka?"

Sabra akanyoosha mkono kama yuko darasani.

Ungemsikia! Alieleza kuanzia ule ukelele. Jinsi macho yalivyogeuka upande mmoja, mkono wa kulia ukakakamaa kwanza, ndipo mwili wote ukaanza kutikisika. Jinsi majirani walivyopiga kelele asiguse lile povu la mdomoni, atauchukua ugonjwa, na yeye akalifuta kwa kanga yake mwenyewe. Mtu alileta kijiko amtie mdomoni, Sabra akakitupa. Akamlaza ubavu. Akakaa hapo chini kwenye vumbi mpaka alipofumbua macho na kuuliza kabichi ziko wapi.

"Nani alikufundisha kumlaza ubavu?" daktari akauliza.

"Niliwahi kusikia redioni, daktari."

"Ulifanya vizuri sana. Wengi hawawezi hivyo."

Na Twaha, mume wangu niliyemzalia watoto wanne, akamtazama Sabra. Si mtazamo mrefu. Lakini mimi nauelewa, kwa sababu miaka ya nyuma ulikuwa wangu. Niliketi kwenye kile kiti kama mkoba ulioletwa na wenyewe.

Daktari akamgeukia Twaha. "Mzee, sasa nisikilize. Kabla ya siku hiyo, imewahi kutokea? Fikiri vizuri. Si lazima mchana. Umewahi kuamka umejing'ata ulimi, mwili unauma kama umepigwa, labda kitanda kimelowa na hujui kwa nini?"

"Hapana," Twaha akasema haraka. Halafu macho yake yakaruka, yakanigusa mimi, yakakimbia.

Hapo sasa ndipo penye kisa.

Imewahi kutokea. Ilitokea kwangu, Kwai, kitandani kwangu, msimu uliopita wa baridi, ule wa upepo wa kuungua masikio. Alfajiri adhana haijalia nilishtuka kitanda kinagonga ukuta. Nikadhani tetemeko. Nikawasha tochi ya simu, nikamwona Twaha amekaza meno, macho meupe, anatikisika, halafu akalegea na kuanza kukoroma koromo nisilolijua. Damu kwenye mto. Godoro limelowa. Nilimfuta ile damu kwa mkono wangu, sikumbuki hata kama niliogopa. Alipopata fahamu na kuona hali ile, mtu mzima, mfanyabiashara, mtu anayesalimiwa soko zima, aliweka kichwa mapajani mwangu akalia. Akasema, "Hidaya, naogopa." Hakuniita Mama Selemani. Hidaya. Sijaitwa hivyo tangu tulipokuwa wachumba. Akasema tena, "Hidaya, hii ifie humu ndani."

Ikafia humu ndani. Nililianika godoro nikawaambia watu nimemwagikiwa na ndoo. Nikanunua nailoni, ile ngumu ya kufunikia miche ya nyanya, nikaitandika chini ya shuka. Tukasema ni uchovu, tukasema ni jinamizi, baadaye hatukusema kitu. Lakini kila zamu yangu ilipofika nilikuwa najua kitu ambacho yule wa bondeni hajui. Yeye ana ujana, ana mtoto mdogo, ana ubwabwa. Mimi nina ile alfajiri. Yeye anapewa Twaha anayecheka. Mimi nilipewa Twaha anayelia, na uulize mwanamke yeyote mwenye mke mwenza kipi kina thamani zaidi.

Kwa hiyo daktari aliponitazama na kuuliza, "Na wewe, mama, hujaona chochote?" nilisema, "Sijaona."

Daktari akaweka kalamu mezani, akaeleza. Mtu akianguka mara moja, si lazima kiwe kifafa. Wengi huanguka mara moja tu, na hakirudi tena maishani. Dawa nazo si pipi. Zinalegeza mwili, zinaweza kutoa vipele vibaya, na ukishaanza huziachi kienyeji, maana kuziacha ghafla ndiyo kukiita kifafa chenyewe. "Kwa hiyo kama kweli hii ndiyo mara ya kwanza," akasema, "tunaweza kusubiri, tukawa macho. Hilo halina ubaya. Lakini kama ilishatokea kabla, hata mara moja, hata usingizini, basi hesabu inageuka. Ningeanza dawa leo."

"Tunasubiri," Twaha akasema.

"Tuanze," Sabra akasema wakati uleule. Machozi tayari yanamlengalenga. "Baba Salama, tuanze. Nilikuona mimi."

Nilikuona mimi! Nikang'ata kona ya mtandio.

Daktari akasema twende nyumbani tukazungumze, turudi Alhamisi na uamuzi. Na kwa vyovyote, tusubiri au tuanze, mzee asiendeshe gari mpaka amwambie. Twaha akajibu, "Sawa, daktari." Namjua Twaha. Ile sawa yake ndiyo ile aliyonipa nilipomwomba asioe.

Kwai ndiko karibu, basi tukapanda wote kwangu, na mwanangu Selemani akaenda Magoma kuipandisha ile kirikuu. Sabra hakuwahi kulala nyumbani kwangu. Salama alikuwa amebaki kwa bibi yake, kwa hiyo sikuwa hata na mtoto wa kumtazama badala ya kumtazama mama yake. Mtu wa bondeni huyu, alikuwa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikampa sweta. Lile lenye tundu kwenye kiwiko. Lile zuri lilikuwepo, lilikuwa kabatini, na likabaki kabatini.

Nikampa chumba cha wasichana wangu walioolewa. Alilala humo kimya. Asubuhi nikamkuta ameshaamka, amefagia uwanja, amewasha moto, anachambua maharage ya makande kana kwamba jiko ni lake. Twaha alikuwa amekaa akiota jua, anamsifu jinsi anavyochambua haraka. Maharage yangu, ungo wangu, na sifa zinakwenda Magoma.

"Baba Selemani," nikamwita, "umeamuaje kuhusu dawa?"

"Nimeshasema. Nasubiri. Daktari mwenyewe amesema hakuna ubaya."

"Amesema kama ni mara ya kwanza," Sabra akaingilia.

"Na ndiyo mara ya kwanza." Alisema akiangalia ungo. "Mnajua maana ya kumeza dawa za kifafa? Nani sokoni atanipa mkono? Nani atakula na mimi sahani moja? Watasema Twaha ana kifafa, hapo hapo biashara imekwisha. Alhamisi tunamalizana na daktari, nashuka na kirikuu. Karoti za watu zinaoza."

"Amesema usiendeshe."

"Ameniambia nisubiri. Nitasubiri nikiwa nimeshika usukani."

Sabra akaniangalia ili nimsaidie. Mimi nikafunika chungu. Nilikuwa naiona barabara ya Soni kushuka Mombo, zile kona, ule mto kule chini kabisa. Niliiona kirikuu ikienda moja kwa moja mahali ambapo barabara imekata kona. Nitasema ukweli jinsi ulivyonijia: kabla sijamwona Twaha kwenye ule usukani, wivu wangu ulitazama kwanza nani amekaa kiti cha mbele. Alikuwa Sabra, na Salama mapajani. Nikaomba maghfira hapo hapo jikoni, maharage yakitokota.

Hata hivyo sikusema. Ningesemaje? Nikisema, ile alfajiri inakuwa ya daktari, inakuwa ya Sabra, inaandikwa faili, inakuwa ya kila mtu. Na Twaha hatanilalia mapajani tena, kwa sababu mapaja yangu yatakuwa na mdomo. Nikawa najibishana na nafsi huku nakoroga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikawajibu wahenga, nyinyi hamkuolewa uke wenza.

Baada ya kula, jua lilipotoka vizuri, Sabra akajitia wema. Akasema anafua mashuka yote, jua la Kwai haliaminiki. Mimi nilikuwa bandani namkamua ng'ombe. Niliporudi na ndoo ya maziwa nilimkuta chumbani kwangu, shuka amelikunja mkononi, amesimama anatazama kitanda. Nailoni ilikuwa wazi, inang'aa.

"Dada," akasema. "Hii ni ya nini?"

"Unyevu," nikasema. "Huku juu kuna baridi. Godoro hupata unyevu."

Akaigusa. Akatazama kitanda changu, akatazama ukutani pale ambapo rangi imebanduka kwa kugongwa na ubao wa kichwani. Kule chumbani alimolala hakukuwa na nailoni, na baridi ni ileile. Alitandika shuka safi juu yake, akapapasa pembe zote nne zikakaa sawa, akatoka na beseni.

Jioni ile alikuwa mkimya. Twaha alimtania kwamba baridi imemgandisha ulimi, akatabasamu tu. Mara moja, tukiwa tunaosha vyombo, akasema bila kuniangalia, "Kwangu huwa anacheka, dada. Hata akiumwa na jino anacheka. Sijawahi kumwona vinginevyo." Nikasikia kitu kwenye sauti yake nikakitambua mara moja, kwa sababu nakilea mwenyewe kila siku. Ulikuwa wivu. Ananionea wivu mimi! Nitakuwa mnafiki nikisema sikufurahi. Usiku ule nililala fofofo.

Alhamisi tukashuka Lushoto. Selemani alituendeshea kirikuu mpaka hospitali, Twaha ameketi mbele amenuna kwa kunyang'anywa usukani, na funguo akaziomba mara tu tulipofika. Akazitia mfukoni. Karoti zilishapakiwa nyuma na kufunikwa turubai.

Daktari Yunis akatukaribisha vilevile. "Haya, mzee. Mmeamuaje?"

"Tunasubiri, daktari. Ni mara moja tu. Haijawahi kutokea."

Daktari akashika kalamu. "Wote mmekubaliana?"

Mimi nikatazama sakafu. Nilikuwa nimeshaamua: nitanyamaza, kisha nje nitamlazimisha Selemani aendeshe, basi, nitakuwa nimefanya sehemu yangu. Nilikuwa nimejipangia hivyo.

Ndipo Sabra akasema, "Si mara ya kwanza, daktari."

Twaha akageuka kwa kasi.

"Imewahi kutokea," Sabra akaendelea, macho kwenye mikono yake. "Kwangu, Magoma. Alfajiri. Nilishtuka kitanda kinagonga ukuta. Alijing'ata, akajikojolea. Mimi ndiye niliyemfuta. Tuliona aibu, hatukumwambia mtu. Nikatandika nailoni chini ya shuka, mpaka leo ipo."

"Nailoni ipi?"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi.

"Nailoni ipi, Sabra? Nailoni ni yangu! Muongo mkubwa wewe! Kitanda ni changu, ukuta ni wangu! Daktari, usimwandike huyu, hakuwepo. Ilikuwa Kwai, kwangu, msimu uliopita wa baridi. Nilimwona mimi kwa macho yangu, na tochi nilishika mimi. Alikaza meno, macho yakawa meupe, akatikisika mwili mzima, halafu akakoroma. Damu ilitoka ulimi upande huu, hapa. Nilimfuta mimi kwa mkono huu. Yeye alikuwa wapi? Alikuwa bondeni amelala na neti yake! Kila kitu amechukua, na hii nayo achukue?"

Nikaishiwa pumzi.

Daktari alikuwa ameshainamisha kichwa, anaandika. "Alikuwa usingizini ilipoanza?" akauliza taratibu, bila kuinua macho.

"Usingizini."

"Hakuwa na homa siku hiyo? Hakuwa na malaria?"

"Alikuwa mzima. Jana yake alibeba magunia."

"Asante, mama. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta." Akaiweka kalamu. "Mzee, nisamehe, lakini sasa hatuna cha kusubiri. Kimetokea mara mbili, bila homa, bila sababu nyingine. Tunaanza leo."

Twaha alikuwa ananiangalia mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyenioa. Halafu akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza ya daktari kama anazirudisha kwa mwenyewe.

Sabra alikuwa bado anaangalia mikono yake. Pembe ya mdomo wake ilikuwa inacheza.

Daktari akaeleza dawa: kidonge kila jioni, kuanzia kidogo kisha kuongeza, asiruke hata siku moja. Akauliza mzee analala wapi. Tukamweleza zamu. Akafikiri, akasema hapo ndipo penye hatari, kwa sababu siku ya kuhama kila mke atadhani mwenzake ameshampa. Basi mfuko wa dawa uwe mmoja, usafiri naye. Na kila jioni mke mwenye zamu ampigie simu mwenzake, amwambie ameshakunywa. Mimi na Sabra tukaangaliana. Kupigiana simu kila jioni! Nilitamani kifafa kinishike mimi.

Nje, karibu na kirikuu, nilimvuta Sabra pembeni.

"Kwako kilitokea lini?"

"Hakijatokea, dada."

"Ulimdanganya daktari."

"Ndiyo." Akavuta lile sweta langu lenye tundu. "Ningesema kilitokea kwako, ungekataa, na Baba Salama angekataa, ningebaki muongo peke yangu. Lakini nakujua. Chako hukiachi."

Nilitafuta tusi, sikupata lenye kumtosha.

Ilikuwa zamu yangu. Hata hivyo Twaha alisema anashuka Magoma. Alisema nimemvua nguo mbele ya watu, na mtu akivuliwa nguo nyumba moja huenda kuvaa nyumba nyingine. Akaingia kwenye gari, Selemani kwenye usukani, Sabra katikati, mfuko wa dawa mapajani mwa Sabra. Nikapanda Kwai peke yangu. Nilijua tangu mwanzo kwamba nikifungua mdomo nitampoteza, na nilipoufungua nikampoteza. Nililia mpaka ng'ombe akaanza kunijibu.

Jioni simu ikalia. Nikaiacha ilie kidogo.

"Dada, ameshakunywa."

"Haya."

Hivyo hivyo kila jioni, wiki ile na nyingine aliyoiongeza kwa hasira. Dada, ameshakunywa. Haya. Mara moja akaongeza kwamba dawa zinamlegeza, anasinzia mchana. Mara nyingine akasema majirani wamejua, na kuna mmoja ameacha kumpa mkono, lakini wanunuzi wa kabichi wanataka kabichi. Nikasema haya.

Halafu akarudi. Selemani alimshusha jioni, ukungu umeshaingia mpaka mlangoni. Twaha akaingia na mfuko wake wa dawa, akauweka mezani, akaketi. Nikampa chakula, akala. Hakuniuliza habari za nyumba, sikumuuliza habari za bondeni. Nikamletea maji ya uvuguvugu kwenye kikombe. Akatoa kidonge, akakiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu mno kwa kitu kidogo namna ile.

"Hidaya," akasema.

Sikusogea.

"Naogopa, Hidaya."

Nikaketi karibu naye kwenye mkeka. Nikaushika ule mkono kwa chini, tukaupeleka mdomoni pamoja, akameza. Halafu akainamisha kichwa, taratibu, mpaka kikafika mapajani mwangu, akakiacha hapo.

Simu ikalia. Alikuwa Sabra, amechoka kusubiri. Nikapokea kwa mkono wa pili.

"Dada, shikamoo. Ameshakunywa?"

"Marahaba. Ameshakunywa."

"Alhamdulillahi. Bado amekasirika? Hajasema kitu?"

Nikamtazama Twaha mapajani mwangu.

"Hajasema kitu," nikamwambia, nikakata simu.